Mubi: Jino likiuma, nani analipa? Mutuele, mwajiri ao mgonjwa mwenyewe

Katika Mubi, senta ya biashara kwenye barabara ya kitaifa nambari 3 wilayani Walikale, jino linaloanza kuuma linaachwa kwanza. Mtu anasukutua na maji ya chumvi, ananunua tembe za maumivu, anarudi kazini. Shavu likisha kuvimba ndipo familia inaanza kutafuta feza, na swali linakuja kwa kuchelewa: kadi ya mutuele inalipa jino, ao hailipi?

Uvimbe huo si wa kuchezea. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya pumzi. Kung'oa jino mapema ni kazi ya dakika chache. Kungoja kunaweza kumfikisha mgonjwa kwenye kitanda cha hopitali, na deni lake.

Walikale ni wilaya ya kasiterite. Kwa mwenye mkataba wa kazi, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyofikiri. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 178, inamlazimisha mwajiri kumtunza mfanyakazi na familia yake, na matibabu ya meno yametajwa humo waziwazi. Kwa hiyo mfanyakazi anayeambiwa kwamba meno ni mambo yake binafsi ana haki ya kuomba aonyeshwe imeandikwa wapi.

Kwa mchimbaji wa mkono ni habari nyingine. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka awe ndani ya kooperative. Lakini kooperative si mwajiri. Yeye, pamoja na mama wa sokoni, mwenye pikipiki na mkulima, anabaki na mutuele ao mfuko wake mwenyewe.

Mutuele zinaongozwa na sheria nambari 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Wanamemba wanatoa mchango, na chama kinalipa sehemu ya gharama. Sehemu, si yote. Kile kinachobaki kwa mgonjwa kinaitwa tike moderatere, na hapo ndipo ugomvi mwingi kwenye dirisha la malipo unaanzia, kwa sababu siku ya kuandikisha watu hakuna anayependa kulisema kwa sauti.

Tuchukue mfano tu. Kung'oa jino kunaitishwa franka 20.000, na mutuele inalipa asilimia 80. Mgonjwa anatoa 4.000. Lakini kama dawa fulani haimo kwenye orodha ya mutuele, anailipa yote, na zile 4.000 zinaweza kufika 10.000 bila mtu kumuibia. Meno ya bandia, mara nyingi, hayamo kabisa. Kuziba jino kunaweza kuwemo ao kukosa. Ni mkataba unaosema. Aliyeandikishwa juzi pia anaweza kuwa bado katika kipindi cha kungoja, ambacho mutuele nyingi zinacho ili watu wasijiandikishe siku ya ugonjwa tu.

Kuna pia njia ya kupitia. Kwa kawaida mwanamemba anaanzia kwenye kituo cha afya, anapewa karatasi ya transfere, ndipo anakwenda hopitalini. Akiruka kituo na kwenda moja kwa moja kwa dantiste, mutuele inaweza kukataa bili yote. Kwa mtu asiyelala usiku tatu, sharti hilo ni gumu. Lakini afadhali kulijua kabla ya usiku huo.

Vita nayo imeingia kwenye hesabu. M23 ilipoingia Walikale-centre mwezi wa Machi 2025, kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili, familia zilikimbilia porini na vijiji vya mbali. Aliyekuwa na kadi na hakulipa mchango wakati wa kukimbia asifikiri kwamba kadi ingali hai. Aulize mapema, wakati meno hayaumi, kama anaweza kulipa madeni ya miezi iliyopita ao lazima aanze upya na kungoja tena.

Na kabla ya kukaa kwenye kiti cha dantiste, aulize bei yote: sindano, kung'oa, dawa. Kisha aombe risiti inayoonyesha ni jino gani na kazi gani imefanywa. Risiti yenye neno "matibabu" peke yake inaweza kurudishwa na mutuele bila hata franka moja.