Mirabaha ya Freddie Mercury bado inalipa

Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Sony Music imekubali kununua hakimiliki za nyimbo za bendi ya Queen kwa takriban pauni bilioni 1 za Uingereza. Ni bei ya kushtua kwa bendi ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alifariki dunia Novemba 1991. Kila anayeishi kwa muziki angepaswa kuisoma hesabu hii kwa makini, kwa sababu sauti ndiyo iliyowapa Queen jina, lakini kilichonunuliwa ni karatasi: nani alitunga, nani anamiliki rekodi, na mkataba unasemaje.

Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Mercury alisoma shule ya bweni Panchgani, India, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Feltham, pembeni mwa London. Huko alisomea usanifu wa michoro, akauza nguo kuukuu na Roger Taylor, mpiga ngoma wa baadaye wa bendi, katika soko la Kensington, na Queen ilipoundwa mwaka 1970 aliichorea nembo kwa mkono wake.

Mkataba wao wa kwanza mkubwa ulikuwa na Trident, kampuni iliyomiliki studio, ikawasimamia na kushika haki za utunzi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo wasanii wengi huumia, London hata Dar es Salaam: anayekudai ndiye huyo huyo anayekutunzia hesabu. Mwaka 1974 kibao cha Killer Queen kilifika nafasi ya pili Uingereza, huku wanabendi wakiishi kwa posho ya pauni zipatazo 60 kwa wiki. Inasimuliwa kwamba mpiga besi John Deacon aliomba fedha za kuanzia kununua nyumba, akanyimwa. Kujitoa mwaka 1975 kuliwagharimu pauni 100,000, pamoja na asilimia 1 ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Walilipa, na nadhani hawakuwahi kutumia fedha vizuri kuliko hapo.

Mwaka huo huo ikatoka Bohemian Rhapsody, utunzi wa Mercury, ikakaa kileleni Uingereza wiki tisa. Upande wa pili wa santuri ile kulikuwa na wimbo wa Taylor. Kwa utaratibu wa mrabaha wa santuri, mtunzi wa upande wa pili hulipwa sawa na wa upande wa kwanza, kwa kuwa mnunuzi hununua sahani nzima. Taylor akavuna mrabaha wa mamilioni ya nakala zilizouzwa kwa nguvu ya wimbo wa mwenzake, na ugomvi wa nyimbo zipi zitoke ukawatafuna kwa miaka. Dawa ilipatikana katika albamu ya The Miracle ya 1989: kila wimbo ukaandikwa kwa jina la Queen, mgawo sawa kwa wote wanne. Mercury alikuwa tayari mgonjwa. Mtunzi mwenye vibao vikubwa namna ile angeweza kung'ang'ania vyake. Kukubali kwake mgawo ule kunamwonyesha kama mfanyabiashara mwenye busara kuliko anavyosifiwa.

Baada ya kifo chake soko lilipanuka. Filamu ya mwaka 2018 kuhusu maisha yake iliingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani. Mwaka 2023 mnada wa Sotheby's wa mali zake ulikusanya takriban pauni milioni 40. Piano yake ya Yamaha peke yake iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Mji Mkongwe wa Unguja, alikozaliwa, unapata kidogo. Makumbusho yaliyofunguliwa Shangani mwaka 2019 yanaishi kwa viingilio vya watalii, na waongoza watalii hupata riziki kwa kuwapitisha hapo. Zanzibar haimo katika mkataba wowote wa nyimbo hizo, wala haikutarajiwa kuwamo.

Katika mauziano na Sony yaliyoripotiwa, mapato ya jukwaani hayakuguswa. Hayo yalibaki kwa Taylor na mpiga gitaa Brian May, ambao tangu mwaka 2012 wamekuwa wakizunguka na Adam Lambert katika nafasi ya mwimbaji.