Kitanzi cha Angani na Hewa Nyepesi ya Nanyuki

Sarakasi za ndege, yaani mizunguko, mibiringiko na miinuko mikali ambayo rubani huifanya kwa makusudi mbele ya watazamaji, huua mara nyingi kwa namna moja: ndege isiyo na hitilafu hufika ardhini kabla haijamaliza kujiinua. Mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa Shoreham, kusini mwa Uingereza, ambako tarehe 22 Agosti 2015 ndege kuukuu ya kivita ya Hawker Hunter, ya aina ambayo Jeshi la Anga la Kenya nalo liliirusha katika miaka ya 1970, iliangukia barabara kuu ya A27 na kuua watu 11, huku rubani mwenyewe akinusurika.

Rubani huyo alikuwa akipiga kitanzi, yaani mzunguko wa wima ambamo ndege hupanda, hulala chali kileleni, kisha hushuka hadi kimo ilichoanzia. Katika kitanzi, kasi ya kuingilia hugeuzwa kuwa kimo, na kimo hicho ndicho akiba pekee ya kushukia. Wachunguzi walibaini kwamba Hunter iliingia kwa takriban kilomita 570 kwa saa ilhali ilipasa kuzidi 640, kwamba injini haikusukuma vya kutosha wakati wa kupanda, na kwamba kileleni ndege ilikuwa mita 820 hivi juu ya ardhi, wakati kimo cha chini kilichohitajika kilizidi mita 1,000. Hata hapo juu bado ilikuwapo nafasi ya kuibiringisha ndege isilale chali tena na kuondoka zake, lakini haikutumiwa. Kilichofuata kilikuwa suala la sekunde tu.

Shoreham iko karibu na usawa wa bahari. Uwanja mdogo wa ndege wa Nanyuki, nchini Kenya, uko takriban mita 1,900 juu yake, na mchana wenye joto la nyuzi 25 msongamano wa hewa ya huko, yaani uzito wa hewa iliyomo katika nafasi fulani, huwa kama robo tatu tu ya kiwango cha kawaida cha usawa wa bahari. Kipima-kasi cha ndege hupima msukumo wa hewa wala si mwendo wenyewe, hivyo kasi inayosomeka ikiwa ileile, kasi halisi huwa imezidi kwa karibu asilimia 14. Na kwa kuwa upana wa mzunguko hukua kwa mraba wa kasi, kitanzi kinachoenea ndani ya mita 600 pwani hudai karibu mita 780 Nanyuki. Rubani mgeni haoni tofauti hiyo kwenye kipima-kasi, na huo ndio mtego wenyewe, achilia mbali nguvu ambazo injini ya kawaida ya pistoni hupoteza katika hewa nyepesi.

Kusini zaidi, Mukurweini katika kaunti ya Nyeri, huongezeka tatizo la ardhi. Kipima-kimo husoma kutoka kiwango kilichowekwa kabla ya kuruka, ilhali migongo ya kahawa na chai hupanda na kushuka makumi ya mita baina ya mto na mto, na kila mgongo hupunguza akiba ya rubani bila ala hiyo kuonyesha.

Kanuni za usalama zimejikita zaidi kwa mtazamaji. Tangu Ramstein, Ujerumani, ambako watu 70 walikufa mwaka 1988 baada ya ndege moja kuporomokea umati, kuruka kuelekea watazamaji kumebanwa mno. Na ndege ya India aina ya Tejas ilipoanguka katika maonyesho ya Dubai tarehe 21 Novemba 2025, aliyefariki ni rubani peke yake. Shoreham, hata hivyo, wote 11 walikuwa nje ya uwanja. Uwanja wa Nanyuki uko kando ya barabara kuu itokayo Nyeri, kwa hiyo yeyote atakayeandaa sarakasi za ndege pale aanze kwa kuifunga barabara hiyo, ndipo apange viti vya wageni.