Picha ya Kifua na Kipimo cha Mionzi

Mgonjwa anapolazwa katika mashine ya CT-Scan ili apigwe picha ya kifua, haja mbili hukutana juu ya kitanda kile. Daktari ataka picha safi, asije akakosa kinundu cha milimita chache. Mwili wa mgonjwa wataka mionzi michache iwezekanavyo. Wenye dhamana ya afya visiwani mwetu hawana budi kuzielewa haja zote mbili, maana mashine hizi si vyombo vya kununuliwa na kusahauliwa.

Eksirei ya kawaida ya kifua humpa mgonjwa milisiveti 0.1 au pungufu. CT-Scan ya kifua yaweza kufika milisiveti 6 au 7, ilhali mionzi ya asili itokayo ardhini, angani na katika chakula humfikia binadamu kwa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka mzima. Hatusemi mtu aikimbie picha ambayo daktari ameona haja yake; hatari ya picha moja ni ndogo. Lakini hatari hiyo hukadiriwa kukua kadiri mionzi inavyozidi, na mtoto hudhurika kwa wepesi kuliko mtu mzima.

Basi kwa nini mionzi isipunguzwe tu? Kwa sababu ikipungua, picha hujaa chenga, mfano wa televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi. Na kanuni yake ni kali: kuzipunguza chenga hadi nusu huhitaji mionzi mara nne. Anayetaka picha ya kupendeza macho hununua kwa bei ghali, na mlipaji ni mgonjwa.

Heri yetu ni kwamba mapafu yamejaa hewa. Mionzi hupita humo bila taabu, na kinundu huonekana hata penye chenga. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta au waliowahi kuvuta sigara sana, ulitumia takriban milisiveti 1.5 tu kwa kila picha. Vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20 kuliko kwa waliopigwa eksirei. Kipimo hicho, hata hivyo, chaweza kisitoshe pale daktari anapochunguza tezi za katikati ya kifua au ini. Kwa hiyo lazima ajulikane kwanza anatafuta nini. Tena, mgonjwa asiyeelekezwa vyema kuzuia pumzi huharibu picha, na hakuna wingi wa mionzi utakaoitengeneza.

Kwa maoni yetu, fungu la kununua mashine liwe pia na fedha za mafunzo, matengenezo na mtaalamu wa fizikia ya tiba. Mashine yenyewe huonyesha kipimo ilichotoa. Kiandikwe katika cheti cha mgonjwa, kisha vipimo vya hospitali vilinganishwe na viwango vya rejea ambavyo Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilivipendekeza tangu mwaka 1996.

Liko pia jambo la bahari. Mgonjwa avukaye kwenda Dar es Salaam bila picha zake huenda akapigwa upya, na mionzi ile ya pili isimfae kitu. Tunaziomba hospitali zimkabidhi diski yake kabla hajapanda boti.