MAJARIBIO YA DAWA YANAYOJIFUNZA NJIANI



Tunapozungumzia kifua kikuu hapa Ujiji na katika vijiji vya mwambao, swali moja halikosekani: je, majaribio ya dawa si kuwafanya watu panya? Ni swali la haki.

Katika jaribio la kawaida, wagonjwa waliokubali hugawanywa kwa bahati nasibu. Wengine hupewa tiba ya zamani, wengine mpya, na mgao haubadiliki mpaka mwisho. Faida yake ni kwamba hakuna anayependelewa. Ubaya wake ni kwamba hata tiba moja ikianza kuonekana dhaifu, wagonjwa wapya huweza kuendelea kupangiwa hiyo hiyo.

Mvuvi hufanyaje?

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kibirizi mwenye mitumbwi sita, asiyejua dagaa wako upande gani. Usiku wa kwanza hupeleka mitumbwi miwili miwili katika pande tatu. Asubuhi huhesabu. Usiku wa pili, upande uliojaza hupata mitatu, wa kati miwili, uliokosa mmoja. Hauachi upande huo mara moja, kwa sababu usiku mmoja unaweza kudanganya.

Kanuni ya kusahihisha makisio kila habari mpya inapofika inatokana na Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Andiko lake lilichapishwa mwaka 1763.

Jaribio la endTB la kifua kikuu sugu lilitumia njia hiyo. Kuanzia mwaka 2016 hadi 2021 liliandikisha wagonjwa 754 katika nchi 7, zikiwemo Lesotho na Afrika Kusini. Mgao ulianza sawa kwa makundi yote, kisha ukarekebishwa kufuatana na matokeo ya wagonjwa waliotangulia. Kati ya tiba mpya 5 za miezi 9, tiba 3 zilionekana si duni kuliko tiba ya kawaida, ambayo kwa wengi ilichukua muda mrefu zaidi.

Hapa kwetu

Mwaka 2013 na 2014, jaribio la MAMS-TB lilihusisha wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika Kusini. Hili halikubadili mgao kidogo kidogo, bali lilikuwa na hesabu ya katikati. Makundi mawili yenye dawa ya SQ109 hayakufikia kiwango kilichopangwa tangu awali, yakaacha kupokea wagonjwa. Katika kundi la rifampisini nyingi, miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito, nusu ya wagonjwa makohozi yao yalisafika kufikia siku ya 48. Kwa tiba ya kawaida ilikuwa siku ya 62.

Uliza kwanza

Hesabu nzuri haiondoi haki ya mgonjwa. Ukiombwa kushiriki, uliza:

1. Je, utafiti una kibali cha maadili?
2. Nitapangiwa tiba kwa njia gani, na mgao utabadilika lini?
3. Nikipata madhara, nani atanihudumia?

Unaweza kukataa, au kujitoa baadaye, bila kunyimwa matibabu. Dawa za kawaida za kifua kikuu hutolewa bure nchini. Basi, mwenye kikohozi cha wiki mbili asisubiri utafiti wowote. Aende kituo cha afya leo.