Kisu cha kukunja hakiingii bustani ya michezo

Wapo ndugu zetu wanaotembelea jamaa zao Marekani na kupeleka watoto Walt Disney World, Florida. Wajue mapema: tangu Desemba 2015 milangoni pamewekwa mitambo ya kugundua chuma, na kisu hakiruhusiwi, hata kile kidogo cha kumenyea chungwa. Askari hawezi kuijua nia yako; anaona kilichomo mfukoni tu. Watoto watasubiri juani huku tiketi imeshalipiwa.

Kwenye ndege pia, kisu husafiri ndani ya begi linalopakiwa chini, si mkoba wa mkononi. Ukifika, kiache kwa mwenyeji wako. Kama ni urithi wa babu, kibaki nyumbani. Tahadhari kabla ya hatari.