Je, Wajua? Maji Nayo Hushiba

Koroga chumvi kwenye maji, ongeza, koroga tena. Hufika mahali maji yakakataa. Hapo wanakemia husema mmumunyo umeshiba.

Je, wajua kwamba gramu 100 za maji, kwenye joto la nyuzi 25, huyeyusha takriban gramu 36 tu za chumvi ya kula? Inayozidi hutuama chini hata ukoroge mpaka mkono uchoke.

Je, wajua kwamba fundi wa maabara huiacha makusudi chumvi kidogo chini ya chupa? Maadamu anaiona, anajua maji bado yameshiba. Akitaka kutumia, humimina taratibu yale ya juu au huyapitisha kwenye karatasi ya kuchujia.

Je, wajua kwamba kuchemsha maji hakuisaidii sana chumvi? Kwenye nyuzi 100 hufika gramu 39 hivi. Shura, yaani nitrati ya potasiamu, ni kinyume chake: gramu 32 kwenye nyuzi 20, na takriban 110 kwenye nyuzi 60. Ndiyo maana mmumunyo wa shura ulioshiba mchana wa joto hutoa fuwele ukiwekwa kwenye friji.

Je, wajua kwamba mashamba ya chumvi ya Kunduchi, wilayani Kinondoni, hushibisha maji mpaka yatoe fuwele, bila bika wala jiko? Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvichumvi. Jua lazima likaushe takriban sehemu 9 kati ya 10 za maji ndipo chumvi ianze kuganda.

Je, wajua kwamba kabla ya chumvi hutangulia kutuama kabonati ya kalsiamu na jasi? Maji ya mwisho, machungu kwa magnesi, huondolewa, la sivyo chumvi huwa chungu na hulowa upesi.

Je, wajua kwa nini chumvi ya mezani hulowa wakati wa masika? Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi huvuta maji na kuanza kuyeyuka yenyewe. Asubuhi nyingi za Dar es Salaam huvuka kiwango hicho.

Je, wajua kwamba chokaa huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji baridi kuliko ya moto? Hata hivyo, lita nzima haifikishi gramu 2. Maji ya chokaa hufungwa kwa kizibo cha mpira: hewa ikiingia, kabonidioksidi huyageuza meupe kama maziwa, na kizibo cha kioo hung'ang'ania chupa.

Je, wajua kwamba mama anayepika visheti Temeke ni mtaalamu wa shibe? Shira yake hukolea kupita kiasi; akigeuzageuza, sukari huganda ikawa ganda jeupe. Asiyetaka igande hukamulia limao.

Je, wajua kwamba asali nyingi nayo imezidi shibe? Ikiganda chupani haijaharibika. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, italainika.

Je, wajua kosa baya kuliko yote? Kuhifadhi mmumunyo wa maabara kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Tumia chupa yake, andika jina, tarehe na joto, kisha funga. Kwa macho, kemikali nyingi zilizoyeyuka hazina tofauti na maji ya kunywa.