Nyumba ya Douglass kule Anacostia: nani aliiokoa?



Sisi tunaoishi Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, tukipata mgeni kutoka nyumbani tunampeleka kuona Ikulu na sanamu ya Lincoln, basi, tumemaliza. Naomba siku moja tuvuke mto Anacostia tukaone Cedar Hill, nyumba ya Frederick Douglass. Treni ya mstari wa kijani inafika hadi kituo cha Anacostia, halafu unasogea kidogo tu.

Douglass alizaliwa mtumwa huko Maryland mwaka 1818, akatoroka 1838, akasimulia maisha yake katika vitabu vitatu: 1845, 1855 na 1881. Nyumba hii aliinunua 1877, wakati huo ikiwa ni shamba juu ya kilima. Kitongoji cha chini yake, Uniontown, kilianzishwa 1854 kwa sharti kwamba mtu mweusi asiuziwe kiwanja. Na mwenye nyumba wa kwanza, John Van Hook, alikuwa mmoja wa waanzilishi hao hao! Dunia hii, jamani.

Ndani huingii peke yako. Mlinzi wa hifadhi anawaongoza chumba hadi chumba: maktaba na meza ya kuandikia, fidla aliyokuwa akiipiga, na ukumbi wa mbele alipoanguka na kufariki tarehe 20 Februari 1895, ametoka mkutanoni kutetea haki za wanawake. Nje kuna kibanda cha mawe kisicho na dirisha, alichokiita Growlery, yaani pahali pa mtu kununa na kuandika bila kusumbuliwa. Cha leo kimejengwa upya. Vitu vingi vya nyumbani ni vyake mwenyewe, na hapo ndipo nilipojiuliza: vimesalimikaje?

Jibu ni mjane wake, Helen. Wasia wa Douglass ulipungukiwa shahidi, kwa hiyo nyumba haikumwendea moja kwa moja. Akakopa, akawalipa warithi wengine. Mwaka 1900 Bunge la Marekani likaidhinisha chama cha kuitunza. Helen alifariki 1903 deni likiwa bado halijaisha, na kuanzia 1916 umoja wa wanawake weusi ukachangisha fedha hadi likalipwa. Serikali ilikuja kuichukua 1962, ikaifungua kwa umma 1972. Maana yake, wenyewe waliilinda zaidi ya miaka 60 kabla serikali haijaipokea.

Sasa turudi kwetu. Mwaka huo huo wa 1962 ndipo Shaaban Robert alipofariki. Naye aliandika maisha yake, naye alizaliwa na kuzikwa mkoani Tanga. Afrika Mashariki nyumba ya mwandishi inayojulikana na watalii ni ya Karen Blixen, karibu na Nairobi, makumbusho tangu 1986. Sina ugomvi nayo, lakini Blixen hakuandika kwa lugha yetu.

Mfano tunao. Mdogo wake Shaaban, Yusuf Ulenge, alizihifadhi barua alizoandikiwa na kaka yake, na mwaka 2002 zikatoka kitabu. Bila mtu mmoja kutunza karatasi, tusingekuwa na kitu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo: mwenye barua, picha au kiti cha mwandishi wa Kiswahili katika ukoo wake, asikitupe wala kukigawa. Aandike kilikuwa cha nani na kimetoka wapi. Makumbusho huanzia hapo.